Kiti cha Mtu Aliye Hai

Hasira ninayotaka kukueleza, mwanangu, ni ya siku moja ya Diwali pale Ruiru, na siku hiyo naikumbuka kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Usiniambie nipunguze sauti. Nyanya yako ameniambia hivyo tangu asubuhi, na nimemwambia aende akachambue mboga zake. Leo nina neno na wewe.

Jumapili uliniletea mtu hapa. Ukasema ni mtaalamu wa sanaa. Kwamba sasa una kazi nzuri na nyumba yenye kuta ndefu, unataka kukusanya picha na vinyago vya watu wetu, na huyu ndiye atakayekuongoza. Nilifurahi. Nani asingefurahi kuona mjukuu wake anataka kuweka jasho lake kwenye kazi ya mikono ya watu badala ya kulinywa? Kisha nikamuuliza mgeni wako swali moja tu, kwa adabu, kikombe cha chai mkononi: hizo picha unazomwambia anunue, anayeziuza ni nani? Akacheka. Akaniita babu kwa lugha yetu, "Guka, hayo ni mambo ya kitaalamu." Na wewe ukacheka pamoja naye. Ndiyo maana keki yenu sikuigusa.

Sasa kaa. Simu iweke kando, uso chini. Nitasema polepole kwa sababu nikiharakisha nitapiga kelele.

Katikati ya miaka ya hamsini nilikuwa kijana kama wewe, fundi cherehani kwenye veranda ya duka la vitambaa mjini Thika. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni wakipambana na wapiganaji wetu wa msituni. Mkikuyu hakutoka kijijini bila pasi, kibali cha serikali, na mimi nilikuwa na pasi ya kufanya kazi kwa sababu mwenye duka aliniombea. Tulimwita Bwana Nanji. Alikuwa Mhindi mfupi, mwenye sauti ya chini, na nyumba yake ilikuwa Ruiru. Alikuwa mtu mwema, nalisema hilo mapema ili usije ukadhani nakusimulia habari za mwizi. Nilimpenda. Siku ile nilimkasirikia zaidi kwa sababu nilimpenda.

Bwana Nanji alijua kitambaa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Marobota yakiletwa hakusikiliza maneno ya mletaji. Alikishika kitambaa kati ya vidole viwili, akakisugua, akalowesha pembe kwa mate, akakiinua kwenye mwanga wa mlango, akakinusa. Kisha akauliza kimefumwa wapi na kimepita kwa nani kabla ya kufika kwake. Mletaji akibabaika kwenye jibu, robota lilirudi kwenye lori. Nimewaona wanaume wakubwa wakitoka pale wamenuna, na Bwana Nanji akirudi kwenye kiti chake bila wasiwasi wowote.

Basi mtu huyo huyo akapenda vitu vya Wakikuyu. Vibuyu, viti vya wazee, ngao za vijana wa zamani, vyondo vya kamba za miti, hereni. Alivipenda kwa dhati, mwanangu. Alitenga chumba kizima nyumbani kwake, akaniambia siku moja nikikata suruali, "Fundi, hii vitu takwisha. Watoto yako hapana taona. Mimi taweka mzuri." Hapo hakukosea. Vilikuwa vinakwisha kweli. Serikali ilikuwa imewatoa watu kwenye nyumba zao na kuwabana katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miti iliyochongwa, na nyumba tulizoziacha zilibomolewa. Vitu vilipotea katika vumbi hilo, na aliyevijali alikuwa huyo mmoja.

Kosa lake lilikuwa kumchagua aliyemwongoza. Alikuwepo mzungu mmoja aliyezunguka kati ya Thika na Nairobi, hana shamba wala ofisi, shingoni skafu ya hariri hata jua likiwa kali. Sisi tulimwita Bwana Skafu. Alikuwa na vitabu vyenye picha za vinyago. Alijua kusimama mbele ya kibuyu, akainamisha kichwa, akanyamaza mpaka wewe mwenyewe uone haya kwamba huoni anachokiona yeye. Bwana Nanji alimchagua kwa hayo. Na wacha niseme lingine, alimchagua kwa sababu alikuwa mzungu, na siku zile neno la mzungu halikuloweshwa mate kupimwa.

Hakuuliza hivyo vitu vimetoka wapi. Hakuuliza Bwana Skafu anapata nini. Na jibu tulilijua sisi tuliokaa veranda, kwa sababu tulimwona. Alinunua kwa wale walinzi wa serikali tuliowaita homugadi, nyuma ya maduka, kwenye magunia. Homugadi walikuwa wakichukua chochote kwenye nyumba zinazobomolewa. Halafu Bwana Skafu alipeleka gunia Ruiru, akageuka mshauri, akamwambia Bwana Nanji, "Hiki ni cha nadra sana, usikikose." Mchana huo huo ni muuzaji, mchana huo huo ni mshauri. Hata ngao moja aliyomuuzia kama ya kale ilichongwa na seremala wa pale pale Thika, ikapakwa masizi na oili ya gari. Seremala mwenyewe alikuwa akituchekesha kwayo. Tulicheka, mwanangu, kwa sababu hatukudhani kicheko hicho kitatufikia nyumbani.

Sasa nikueleze habari ya kiti, maana bila hiyo hutaelewa chochote.

Baba yangu, babu wa baba yako, alikuwa mzee wa kusikiliza kesi. Watu wakigombania mpaka au mbuzi walimjia, naye alitoa kiti chake cha miguu mitatu, alichokichonga mwenyewe kwa mti wa muringa, akaketi, akasikiliza. Kilikuwa na ufa upande mmoja, ameushona kwa waya wa shaba. Upande wetu wote walikijua kiti kile. Mtu angeweza kusahau sura ya baba asisahau waya ule.

Na katika ukoo wetu kiti cha mzee kilikuwa na sheria yake. Mzee akiwa hai, hakikaliwi na mwingine. Akifa, hakuna anayepiga mbiu. Kiti kinapinduliwa uwanjani, miguu juu, na apitaye akikiona anajua. Kinakaa hivyo mpaka kifungua mimba wa marehemu akisimamishe tena, na akikisimamisha amekubali mbele ya watu kwamba baba hayupo na urithi umeanza. Mjane hakigusi kabisa. Tangu siku kiti kimepinduliwa, mkono wa mjane haukifikii, na huo ndio ulikuwa mwiko mkubwa kuliko yote.

Baba alikuwa kizuizini, kule nchi ya joto, tangu Hali ya Hatari ianze. Barua hazikuja. Tulipohamishwa kwenda kijijini, mama alikificha kile kiti ndani ya ghala la mahindi. Homugadi walipovunja ghala na kulitia moto, alidhani kimeungua pamoja na mengine. Akalibeba hilo kimoyomoyo.

Siku ya Diwali, sikukuu yao ya taa, Bwana Nanji alifungua nyumba yake. Kila mwaka alifanya hivyo. Alifunga taa na maua kwenye lango, akatoa peremende za maziwa kwa kila aliyepita, wafanyakazi wa shamba la kahawa, akina mama wenye mboga, makarani, watoto. Mwaka huo akasema watu waingie pia waone chumba chake, kwa kuwa Bwana Skafu alikuwa amemaliza kukipanga. Mimi nilifika mchana, shati limepigwa pasi, nikaingia nikipishana na wanawake wa kwetu waliokuwa wakitoka. Nikashangaa hawakunisalimia. Mmoja alinigusa bega tu, akapita akifuta macho.

Kisha nikakiona. Kwenye meza yenye kitambaa cheupe, katikati ya chumba, kiti cha baba. Miguu juu.

Nilishika ukuta. Nilijua papo hapo kwamba baba amekufa. Sikujiuliza kiti kimefikaje pale. Nilichojiuliza ni kwa nini mimi, mtoto wa kwanza, sikuitwa. Nikanyoosha mkono nikisimamishe, na mkono ukasimama njiani wenyewe. Nikikigeuza mimi, mbele ya wale watu wanaotazama, nimemzika baba. Nikikiacha, ameshazikwa. Nilibaki pale mkono umening'inia kama mtu aliyesahau alichotaka kuchukua.

Bwana Skafu akanikaribia, glasi mkononi.

"Wewe iko shida gani?"

"Nani amepindua hiki kiti, bwana?"

"Mimi nageuza," akasema, amefurahi kuulizwa. "Juu iko chafu, iko mafuta ya matako ya mzee. Chini iko safi, watu naona kazi ya miguu. Namna hii nzuri zaidi."

Nikamuuliza kama kuna mtu aliyemwambia mwenyewe amekufa. Hakujua hata mwenyewe ni nani. Alikigeuza kwa sababu kinapendeza. Umesikia? Kilimpendeza! Furaha iliyonipata kujua kwamba huenda baba yu hai ilidumu pumzi moja tu, kwa maana nikawakumbuka wale wanawake waliotoka wakifuta macho. Walikuwa njiani kwenda kijijini, na habari ilikuwa imekwenda nao.

Nilimwendea Bwana Nanji, nikamwambia yote. Kiti ni cha baba, baba yuko kizuizini, kigeuzwe na mtu mwingine sasa hivi, nipewe nikirudishe kwa mama. Alisikiliza. Akakitazama kiti. Akanitazama mimi, mtu aliyemshonea mashati miaka yote hiyo. Kisha, mwanangu, akamtazama mshauri wake.

Bwana Skafu akatabasamu. "Usipatie yeye. Kesho kila mtu takuja, nasema hii ya baba, hii ya mama. Wewe hapana tabaki na kitu."

"Fundi," Bwana Nanji akasema kwa ile sauti yake ya chini, "mimi najua wewe mtu mzuri. Lakini huyu bwana najua hii kazi. Ngoja kidogo. Sisi tazungumza."

Tazungumza! Mtu alikuwa amekufa pale mezani na bado yu hai, naye anasema tutazungumza. Niliondoka bila kumuaga. Peremende niliyopewa langoni niliitupa kwenye mtaro.

Nilifika kijijini kabla ya saa ya kufungiwa. Wanawake walikuwa wamejaa mlangoni kwetu, mama ameketi katikati. Na baba yangu mdogo, Gathungu, alikuwa amesimama nje amekunja mikono, ana haraka ya mtu mwenye kazi kesho. Kesho yake kweli palikuwa na kazi. Serikali ilikuwa ikiunganisha vipande vya mashamba, kila mtu apewe kipande kimoja, na kamati ya wazee ilikuwa inamaliza kugawa ukingo wetu wa kilima. Shamba la baba lilikuwa kule juu, karibu na barabara, udongo mwekundu usio na jiwe. Aliyekuwa kizuizini, wazee walipata tabu kumlindia haki yake. Aliyekufa hakuwapa tabu yoyote, fungu lake lilikwenda kwa ndugu aliyepo.

"Pole, kijana," Gathungu akaniambia. "Wewe unashonea Wahindi nguo Thika. Hilo shamba litahitaji mtu wa kulilima."

Nikamwambia mama, kwa sauti ya kila mtu asikie, kwamba kiti kilipinduliwa na mzungu ili kipendeze. Wanawake wakaguna. Gathungu akasema huzuni imenichanganya. Mama akaniita karibu.

"Wewe ulikigusa?" akaniuliza.

"Sikukigusa, maitu."

"Umefanya vizuri," akasema. "Nenda ulale."

Asubuhi lori la shamba la kahawa lilikuja kuchukua wanawake wa kuchuma, maana ulikuwa msimu, na kwa kazi hiyo homugadi walifungua lango. Mama hakuwa mchumaji. Alifunga kikapu kiunoni kama wenzake, akapanda, nami nikapanda na pasi yangu. Tuliposhuka hakwenda kwenye mibuni. Alikwenda moja kwa moja hadi nyumba ya Bwana Nanji, akapita taa na maua yaliyonyauka, akaingia chumbani hajakaribishwa. Bwana Nanji alikuwa ndani na Bwana Skafu wakinywa chai.

Mama hakujua Kiswahili kingi. Kile kidogo alichokuwa nacho alikitumia chote asubuhi ile.

"Wewe Muhindi," akasema, "hii kitambaa ya mwili yangu, mimi nanunua kwako. Siku hiyo wewe naonyesha mimi. Nasugua. Nanusa. Nasema, mama, hii mzuri, hii mbaya. Kweli ama hapana?"

"Kweli, mama."

"Sasa hii kiti, wewe nanusa?"

Bwana Nanji akaweka kikombe chini. Bwana Skafu akaanza kusema neno, mama akainua kiganja bila kumtazama.

"Mimi hapana sema na wewe. Mimi nasema na mwenye nyumba." Akamrudia Bwana Nanji. "Huyu mutu nafundisha wewe nunua. Haya. Iko siku moja, moja tu, nasema kwako hapana nunua hii?"

Bwana Nanji akatazama vile vitu vyote, ukuta hadi ukuta. Nilimwona akitafuta. Alitafuta kweli, kwa haki, kama anavyotafuta doa kwenye kitambaa.

"Hapana," akasema.

"Hata moja?"

"Hata moja, mama."

"Basi huyu hapana fundisha wewe. Huyu nauzia wewe." Sasa sauti yake ikapanda, na mimi sijawahi kuisikia hivyo kabla wala baadaye. "Bwana yangu iko hai! Mutu yako naweka yeye kaburi hapa, juu ya meza, na wewe nakula peremende! Kwa nini hapana uliza? Mimi iko hapa, karibu, kila siku. Kijana yangu iko kwa mlango yako nashona. Mdomo iko. Kwa nini hapana uliza?"

Akaenda mezani, akakishika kile kiti kwa mikono miwili, akakisimamisha kwa miguu yake. Mpishi Mkikuyu aliyekuwa mlangoni alishika mdomo. Alielewa alichokiona. Bwana Nanji hakuelewa, lakini alimwona mpishi, akaniuliza maana yake, nikamweleza. Mjane hakigusi. Huyu amekigusa, kwa hiyo si mjane.

Alikaa chini. Akafunika uso. Kisha akasimama, akachukua funguo za gari lake la mizigo, akampita Bwana Skafu kana kwamba chumba hakina mtu. "Twende," akasema. "Twende upesi."

Mama alikifunga kiti mgongoni kwa ukanda wa kubebea kuni, akaketi mbele. Tulifika uwanja wa kijiji jua limepanda. Wazee wa kamati walikuwa wameketi, na ofisa wa kizungu amesimama na watu wake wa kupima. Mama akapita katikati yao, akafungua ukanda, akakiweka kiti chini, wima, akakipangusa kwa leso yake polepole, mbele ya macho ya wote. Mzee mkubwa kuliko wote akavua kofia.

"Mwanamke ameshika kiti," akasema. "Mwenye kiti yu hai. Tumekosea."

Bwana Nanji akasimama akaeleza mwenyewe, mbele ya watu, kwamba kosa ni la nyumba yake. Hilo alilifanya na sitamnyima. Lakini ukingo wetu ulikuwa umekwisha kusomwa asubuhi, vigingi vimepigwa, shamba la juu limeandikwa la Gathungu. Ofisa akasema hawezi kung'oa vigingi kila mwanamke akija na kiti. Wazee wakabishana naye, wakasihi, wakapata walichoweza kupata. Baba akapewa kipande cha chini, kando ya mto, penye matete na vyura.

Alirudi baadaye, amekonda, kifua kinalia. Alishuka kwenye lori akapanda njia ya zamani moja kwa moja, hakumsikiliza mtu, mpaka akakuta maharagwe ya ndugu yake na ua wa miiba. Akasimama pale. Nilikuwa nyuma yake.

"Nani aliwaambia nimekufa?" akaniuliza.

Ungemjibu nini, mwanangu? Hakuna aliyesema. Hakuna aliyedanganya kwa mdomo. Mtu mmoja alitaka kitu kipendeze, na mwingine hakutaka kuuliza. Nilimwambia hivyo. Akatazama maharagwe mpaka nikaona haya kusimama karibu yake, kisha akageuka akashuka mtoni. Hakupanda tena kule juu maisha yake yote. Alipofariki tulimzika kando ya mto, na kaburi lilijaa maji tukiwa bado tunalichimba. Tuliyachota kwa ndoo ili tumteremshe.

Na Bwana Skafu? Hakupatwa na chochote. Nilisikia alihamia Nairobi, akapata wengine wa kuwaongoza, wakamheshimu. Hakuna aliyemwita mahali popote amjibu mtu. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo nikila. Aliyepotosha aliondoka na skafu yake, na aliyepotoshwa akabaki na aibu, na asiyekuwepo kabisa akapoteza shamba.

Bwana Nanji alijifunza, tena alijifunza vizuri. Alimtafuta mwalimu wa useremala, Mwalimu Asava, mtu wa Maragoli aliyefundisha shule moja pale Thika. Walipatana mshahara kabla hajatazama kitu hata kimoja, ili asiwe na faida kwenye kununua wala kutonunua. Siku ya kwanza Mwalimu Asava alizunguka chumba kizima, akagonga, akanusa, akasema, "Ngao hii ni mpya, iteketeze. Hivi vyote vya pale, tafuta wenyewe uwarudishie. Hicho kibuyu ni kizuri mno, lakini usipokijua habari yake usikiweke." Bwana Nanji aliniambia hajawahi kumlipa mtu kwa furaha kama ile. Walizunguka vijijini pamoja, wakiuliza. Chumba kilibaki na vitu vichache, na kila kimoja kilikuwa na jina la mtu aliyekubali kikae pale.

Kwa hiyo sikukatazi kuwa na mshauri. Usinisingizie. Hiyo kazi unayoitaka ni kubwa na macho yako bado ni machanga, unahitaji mtu. Ninachokuambia ni kwamba siku utakayompata, kabla hajakusifia ukuta wako, muulize analipwa na nani. Akilipwa na anayeuza, mpe chai, umsindikize hadi langoni. Kama ana duka, au duka ni la shemeji yake, au anapata kidogo kila ukinunua, huyo ni muuzaji, na muuzaji hana dhambi, ila usimwite mwalimu. Mlipe wako wewe mwenyewe, kwa kazi yake, ununue au usinunue. Kisha ngoja siku atakayokwambia usinunue. Isipofika, umeshajua.

Na kitu kikikupendeza, fuata njia yake kurudi nyuma. Nenda kwa aliyekichora, kaa naye. Kama ni cha kale, tafuta ukoo wake, uliza kama mwenyewe alikitoa kwa hiari, uliza kinakaa vipi, kinageuzwa au hakigeuzwi. Kuuliza hakukufanyi mshamba. Mshauri anayekuonea haya ukiuliza, au anayecheka mzee akiuliza, mfukuze. Nasema mfukuze, na huyo wa Jumapili awe wa kwanza, na umpigie simu leo hapa hapa nikisikia. Na hata umpate aliye bora, aliye mwaminifu kabisa, mkono wako usiache kunusa na kusugua, kwa sababu kitakachowekwa kwenye ukuta wako kitasemwa kwa jina lako.

Nimemaliza kufoka. Sogea sasa, karibu zaidi, ufungue kola. Mimi ni Mkristo wa siku nyingi, lakini nitakutemea mate kifuani kama wazee wetu walivyowabariki watoto wao, na mchungaji akijua tutaongea naye. Mungu akupe jicho la kuona na mdomo wa kuuliza. Akupe nyumba nzuri, na kila kilichomo kiwe kimeingia kwa mlango, mwenyewe akijua. Na kila safari utakayokwenda, hata ikikawia, akurudishe kwako ukute hakuna aliyekuzika.